Mlima Ambao Venanti Hakuuandika

Mwalimu Venanti alikuwa na kanuni moja: hasemi ametoka mahali ambapo hawezi kupaonyesha. Alipewa kanuni hiyo na baba yake huko Ulyankulu, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, siku ambayo vijana wawili walifungiwa ofisini kwa kutaja milima isiyo yao ili waandikishwe mara mbili. Baba alimshika sikio akamwambia, "Usichokijua, kinyamazie." Kabla ya mwaka kwisha baba huyo alikufa kwa homa, na mlima wake mwenyewe alikuwa hajautaja.

Burundi, mlima ni zaidi ya udongo ulioinuka. Mlima ndio kijiji, ndio ukoo, ndio anwani ya mtu hata akiwa amekwisha kufa. Kila fomu ya serikali, chini ya jina la baba na jina la mama, ina mstari wa mlima wa asili. Watu wa Rumonge, kando ya ziwa, anakoishi sasa, huujaza mstari huo kama mtu anavyojifuta jasho. Venanti aliuacha wazi. Siku ya kuchukua kitambulisho, karani alimwandikia kijiji anachoishi, naye Venanti akamwambia kuwa hayo ni makazi, siyo asili.

"Mwalimu," karani akasema bila kuinua macho, "hebu pita. Watu wanangoja nyuma yako."

Alibebwa mgongoni mwa mama yake mwaka 1972, wakati wa mauaji, akiwa na umri wa mwaka mmoja, kwenda kusini na kuvuka mpaka. Katika makazi baba yake alijiita Stefano. Wengi walijipa majina mapya wakati ule kwa hofu, na hofu ilipokwisha majina yalikuwa yamekwisha kuota mizizi. Mama yake, Eliana, alimwachia mambo mawili tu kuhusu kwao. La kwanza, kwamba ukisimama mlangoni uliliona ziwa. Jambo hilo halikumsaidia, maana kutoka Muhuta hadi Kabonga ni pwani tupu ya ziwa, na milango yote inalitazama. La pili alilisema walipokuwa wakifyatua matofali. Mama alikuwa akiingia ndani ya shimo la udongo, anakunja kitenge hadi magotini, anaukanyaga udongo kwa mwendo wa taratibu na kusema, "Hivi ndivyo tulivyokanyaga mawese kwetu. Shimo, mawe chini, na miguu." Venanti alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka uliofuata mama naye akafa.

Alisoma, akawa mwalimu wa Kiingereza, akaoa. Mke wake, Dusabe, alizaliwa pale pale Ulyankulu. Serikali ya Tanzania ilipowapa wakimbizi wa zamani hiari ya kuchukua uraia au kurudi Burundi, Venanti alichagua kurudi. Dusabe alikataa.

"Nirudi wapi?" alimuuliza. "Kurudi ni kazi ya mtu aliyeondoka. Mimi sijaondoka popote. Weye nenda ukautafute mlima wako. Ukiupata, uniite."

Hakuwahi kumwita. Watoto wao wawili walibaki na mama yao, nao humpigia simu Mwaka Mpya. Venanti alifika Rumonge mwaka 2009 na kupewa nyumba ya bati katika kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wale waliorudi bila kujua milima yao. Mwanzoni kijiji kilijaa. Kisha, mmoja mmoja, majirani wakakumbuka jina la kijito au wakapata mjomba aliyewatambua, wakaondoka. Venanti aliwasaidia kubeba magodoro hadi barabarani. Baada ya miaka kumi na mitano, nyumba ya kulia kwake ilikuwa tupu na ya kushoto ilikuwa na mbuzi.

Yaliyompata mwaka jana yalianzia darasani.

Alikuwa akifundisha darasa la tisa, na siku hiyo aliandika ubaoni neno "native", yaani wa asili. Aliwaambia wanafunzi kwamba Waingereza hulitumia kila siku, na kwamba mtu asiyelijua vizuri anaweza kumtukana mwenzake huku anadhani anamsalimu. Akaandika sentensi nne. Ya kwanza ilikuwa ya mtu na mahali alipozaliwa. Ya pili ilikuwa ya lugha, ile ambayo mtu aliipata kwa mama yake kabla ya kuona shule: kwa wengi wao Kirundi, kwa wengine, kama Tahira wa mtaa wa Waswahili, Kiswahili. Ya tatu haikuwa ya mtu. Samaki kama ndagala na mukeke, alisema, ni wa ziwa hili tangu mwanzo, hakuna aliyewaleta. Lakini muhogo uliletwa.

"Kumbe muhogo nao ni mukimbizi!" alisema Amissi kutoka benchi la nyuma.

"Iko na karti ya wakimbizi ya HCR?" mwingine akauliza, na darasa zima likacheka. Venanti naye alicheka kidogo.

Ya nne aliisoma polepole. Wazungu waliotawala waliligeuza neno hilo kuwa jina la watu wote waliokuwa chini yao, bila kuuliza huyu ni nani na yule ni wa wapi, kama mtu anavyohesabu mifugo. Ndiyo maana halifai kusemwa juu ya mtu peke yake. "Liwekeeni jina la mahali," alisema. "Fulani ni wa mahali fulani. Mkiliacha bila mahali, linakuwa tusi."

Kisha akawataka wasimame mmoja mmoja, kila mtu na sentensi yake. Tahira alisema babu yake alitoka Uvira lakini yeye ni wa Rumonge, na asiyetaka aende akalalamike kwa babu. Irakoze, msichana mpole aliyeshuka kila asubuhi kutoka mlima wa Busaga, mwendo wa saa nzima, alisema yeye ni wa Busaga. Walipomaliza wote, Tahira akanyoosha kidole.

"Na weye, Mwalimu?"

"Sijui," alisema Venanti.

Walidhani ni mzaha. "Mwalimu anajua verbe zote za Kiingereza, hajui kwao!" Amissi alisema. Lakini Mwalimu alikuwa ameshageuka na kuanza kufuta ubao, na alifuta hata pale palipokuwa pameshafutika. Kicheko kikafa chenyewe.

Irakoze alikwenda nyumbani akamsimulia bibi yake. Siku ya tatu, bibi huyo, Beatrisi, mjane wa miaka sabini na minne, alishuka Busaga akiwa amejifunga vitenge viwili kama mtu anayekwenda kwenye ubatizo. Alimkuta Venanti nje ya darasa.

"Amahoro, mama," Venanti alimsalimu.

"Amahoro. Geuka."

"Kuna nini, mama?"

"Geuka nikuone upande." Venanti aligeuka. Mzee akavuta pumzi. "Pua ya Karoli. Hata ungeitia ndani ya gunia ningeijua."

"Mama, pua ziko nyingi pwani hii."

"Ziko nyingi. Ya Karoli iko moja. Baba yako aliitwa nani?"

"Stefano."

"Alidanganya. Wote walidanganya. Na weye uko na miaka mingapi?"

"Hamsini na minne."

"Umeona!" Beatrisi alisema, akapiga makofi mara moja, na machozi yakamtoka.

Karoli alikuwa kaka yake wa pekee. Alikimbia mwaka 1972 pamoja na mke wake na mtoto wa kiume wa kunyonya, na hakuna aliyesikia habari zao tena. Beatrisi mwenyewe alikimbilia ng'ambo, Kongo, akaolewa huko, akafiwa na mume, akarudi Busaga. Alikuta shamba la baba yao, lenye michikichi mia na kitu, mikononi mwa Jean-Pierre. Baba wa Jean-Pierre aliwekwa pale na wakubwa wa wakati ule baada ya wenyewe kukimbia, na Jean-Pierre alizaliwa hapo hapo. Hakuwa mnyang'anyi. Kitovu chake kilizikwa katika udongo ule, na hakuwa na mwingine. Alimpa Beatrisi kibanda pembeni mwa shamba, lakini mwana wa Jean-Pierre alikuwa anataka kuoa na alikihitaji kiwanja. Wazee wa haki wa mlima, wale wanaoitwa Bashingantahe, walikuwa wameamua hivi: kwa desturi binti harithi ardhi, lakini akitokea mrithi wa Karoli, shamba ligawanywe nusu kwa nusu, na Beatrisi akae kwenye nusu ya mtoto wa kaka yake hadi kufa. Asipotokea kabla ya msimu wa mvua, Beatrisi aondoke. Zilibaki wiki sita.

Jumapili ile Venanti alipanda Busaga. Beatrisi alipika ugali wa muhogo na ndagala kwa mawese, akampa kigoda kilichokuwa kipya bado, kinanuka maranda. "Ni chako," alisema. "Kisikaliwe na mtu mwingine." Jumapili ya pili alikwenda tena bila kualikwa. Ya tatu alipofika kwenye njia ya chini alimkuta Beatrisi amesimama pale, mkono juu ya macho, anamtazamia. Tangu mama yake afe hakuna mtu aliyekuwa amesimama njiani kumtazamia Venanti.

"Huyu ni wa Karoli," Beatrisi aliwaambia wapita njia, na wapita njia walimshika mkono Venanti kwa mikono miwili. Wanawake walimwita mwana wetu. Mzee mmoja alimtania: "Karibu, Mwalimu! Umechelewa miaka hamsini, chakula kimepoa."

Venanti hakukubali wala hakukataa. Alitabasamu. Hapa lazima jambo lisemwe kama lilivyo: kanuni ya baba yake ilimfundisha kunyamazia asichokijua, lakini kuna kunyamaza kunakosema. Wiki zile nne alikaa juu ya kigoda cha mtoto wa Karoli, akala sahani ya mtoto wa Karoli, na alijua kwamba kila anapofunga mdomo, watu wanasikia ndiyo. Alijiambia kwamba bado anachunguza. Ukweli ni kwamba alikuwa na furaha, naye hakutaka kuigusa.

Jumapili ya tano, siku mbili kabla ya wazee kukutana, Beatrisi alimpeleka nyuma ya kibanda kumwonyesha mwamba mpana uliolala kwenye majani. Katikati yake palikuwa na shimo la mviringo, laini kama ndani ya bakuli.

"Hapa tulitwanga mawese," alisema. "Wanawake wote wa nyumba yetu. Mama yako alikuwa na mkono! Alitwanga na weye mgongoni, kichwa chako kinacheza hivi, hivi." Akaiga kichwa cha mtoto kinavyocheza, akacheka.

Venanti alichuchumaa akaingiza mkono ndani ya shimo. "Hamkuwa mnakanyaga?"

"Kukanyaga nini?"

"Mawese. Kwa miguu. Ndani ya shimo la mawe."

"Ah, hiyo ni kazi ya watu wa kusini, kule Nyanza-Lac!" Beatrisi alisema kwa dharau ya furaha. "Sisi tukule mafuta waliyooshea miguu? Hapa Busaga, mwanamke akikanyaga mawese angerudishwa kwao siku ile ile."

"Mke wa Karoli alitoka kusini?"

"Yule? Nilimchagua mimi mwenyewe. Alizaliwa pale ng'ambo ya kijito, unaona ile migomba? Pale."

Venanti hakutoa mkono wake kwenye jiwe. Kisha akamweleza habari ya matofali, udongo, kitenge kilichokunjwa magotini, na maneno ya mama yake. Beatrisi alisikiliza hadi mwisho. Uso wake haukubadilika, ila mikono yake ilianza kung'oa majani yaliyoota kando ya mwamba, moja moja.

"Watoto husikia vibaya," alisema hatimaye.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili, shangazi."

"Basi mama yako alifundishwa huko Tanzania."

"Ulyankulu hakuna michikichi."

"Basi usitaje mawese!" Sauti yake ilipanda. "Nani atakuuliza mawese? Watakuuliza jina la baba. Useme Karoli. Mara moja tu, Venanti. Mdomo hautapasuka." Alimshika mkono. "Na kama si weye, nani mwingine? Karoli harudi. Mwanawe harudi. Weye huna mtu, mimi sina mtu wa nyumba ya baba. Tunamwibia nani?"

Lilikuwa swali zuri, na Venanti alishuka nalo hadi nyumbani kwake. Jumatatu alifundisha vipindi vyote bila kukaa.

Jumanne asubuhi wazee walikusanyika kwenye mabenchi kando ya ukuta wa kanisa la Busaga. Aliyewaongoza alikuwa Yonasi, mtu mfupi mwenye fimbo ya haki, ile ambayo ikigonga chini mtu hasemi tena neno analoweza kulifuta. Jean-Pierre alisimama wa kwanza.

"Mimi nimechoka kulala na kesi hii kitandani," alisema. "Mwalimu akiwa ni wa Karoli, achukue nusu. Naapa mbele yenu. Hata sehemu ya kisima nitampa. Tutakuwa majirani."

Wazee walinong'ona kwa kuridhika. Yonasi alimtazama Venanti kwa wema. "Sisi wenye umri tunamwona Karoli usoni mwako," alisema. "Hatukutafutii makosa. Lakini sheria inataka neno la mwenyewe. Weye Venanti, u mwana wa nani, na mlima wako ni upi?" Akainua fimbo, akaigonga chini.

Beatrisi alikuwa kwenye benchi la mbele, Irakoze kando yake. Alikuwa amekileta kile kigoda kutoka nyumbani na kukiweka miguuni pake, tupu.

"Waheshimiwa," Venanti alisema, "natamani kuwa wa Karoli. Mnipe huruma yenu mkiweza. Lakini sijui baba yangu alitoka wapi. Ninalojua ni moja tu: mama yangu alikanyaga mawese, na hapa mlitwanga. Hilo moja linasema mimi si wa hapa."

"Pengine alikosea," mzee mmoja alisema haraka, kana kwamba anamtupia kamba.

"Pengine."

"Basi unaweza kuwa ni wa hapa."

"Naweza. Lakini mmenitaka niseme ninalojua."

Yonasi alilaza fimbo magotini. Alipozungumza hakuwa na hasira. Alisema fimbo haiwezi kugonga juu ya pengine. Shamba litabaki kwa Jean-Pierre, na mama Beatrisi ataondoka kabla ya mvua kama ilivyoamuliwa.

Beatrisi alisimama. Alimwendea Venanti hadi karibu, akamtazama ile pua.

"Umeniuza kwa mawese," alisema. "Hata Yuda alipata kitu."

Jumamosi Venanti alipanda Busaga kumsaidia kufunga vitu. Binti wa Beatrisi aliyeolewa Muhuta alikuwa amekuja kumchukua na gari dogo la kukodi. Venanti alisema amahoro, na Beatrisi hakuitikia. Alibeba gunia la sufuria, akalipakia, akabeba godoro, akalipakia. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Kigoda hakukiona kwenye mizigo. Alipouliza, Irakoze alimwambia kwa sauti ndogo kwamba bibi alikipasua kuni.

Irakoze aliondoka na bibi yake, hakurudi darasani. Wanafunzi walisogea kwenye benchi, na baada ya wiki mbili hapakuwa na pengo.

Tangu wakati huo Venanti ametumia Jumapili kadhaa kwenda kusini. Amekwenda Nyanza-Lac, amekwenda hadi Kabonga, akawauliza wanawake wazee wanaokaa nje ya nyumba zao kama wanamkumbuka mtu aliyejiita Stefano baadaye, mkewe Eliana, mtoto mmoja. Wanamsikiliza kwa adabu. Anapowaambia habari ya mawese wanacheka: "Sote tulikanyaga, baba. Pwani yote hii ya chini. Utamtafuta mama yako kwa nyayo?" Wanampa maji ya kunywa. Anashukuru kwa Kirundi na kurudi.

Mwezi uliopita alijaza fomu ya kujiandaa kustaafu. Kwenye mstari wa mlima wa asili alipiga kistari.

Wapo Rumonge wanaosema alikuwa mjinga: nusu ilikuwa imekwisha kutolewa kwa hiari, mwenye shamba ameridhika, wazee wameridhika, na neno moja lingewaponya watu wawili. Wanaosema hivyo hawajafikiri juu ya mtoto halisi wa Karoli, ambaye huenda yuko hai mahali fulani, naye anaacha mstari wake wazi. Venanti alimfikiria. Kosa lake halikuwa Jumanne ile. Kosa lake ni zile Jumapili nne alizokaa kimya juu ya kigoda, kwa sababu kama angesema "sijui" siku ya kwanza kwa nguvu ile ile, Beatrisi asingekuwa na kitu cha kupoteza mara ya pili.

Kanuni ile ilimgharimu Beatrisi mahali alipotaka kufia. Venanti ilimgharimu mtu pekee aliyekuwa akisimama njiani kumtazamia.